Msaada: kidhibiti cha AC cha waifai kimegoma kuona waifai ya nyumbani

Binti Segerea

Habari za jioni wakuu, naomba msaada kwa anayejua haya mambo. Nipo Tabata Segerea. Kaka yangu anaishi Marekani, alipokuja likizo akatuletea kile kidude cha kuendesha AC kwa simu, yaani themostati ndogo ya kukaa mezani, inasoma joto la chumba afu inaipa AC amri kama rimoti inavyofanya. AC yenyewe ni hizi za kawaida za ukutani, BTU 12,000, ipo chumbani kwa baba.

Baba alipata kiharusi, mkono wa kulia bado hauna nguvu na kuongea kunamsumbua, kwa hiyo akizidiwa na joto au baridi hawezi kubonyeza rimoti wala kuita mtu kwa haraka. Mimi nashinda kazini Posta. Dada anayemhudumia anajitahidi sana Mungu ambariki, ila kuna muda yuko uani anafua au yuko jikoni, na joto la Dar kipindi hiki mnalijua wenyewe, kuanzia saa sita mchana chumba kinafukuta. Nilichotaka ni niwe naona nikiwa ofisini chumba cha baba kina nyuzi ngapi, na kidude kiwashe AC chenyewe joto likifika 27 na kizime likishuka, ili LUKU nayo isiishe hovyo.

Sasa shida. Mwanzo kilikonekti bila tatizo, tukakitumia vizuri tu, nilikuwa naangalia joto la chumba nikiwa kwenye daladala. Usiku mmoja umeme ukakatika, uliporudi kidude kikapotea, programu inaandika hakipo mtandaoni. Nikakiriseti kwa ile tundu ya nyuma ya kubonyeza na pini, taa ikaanza kublinki, nikaanza upya kabisa. Programu inakiona kidude, inaniambia chagua waifai, inaleta orodha ya waifai za majirani zote, ILA YA KWETU HAIMO. Na hapo hapo simu yangu ipo kwenye hiyo waifai yetu inacheza video, na tivii nayo ipo. Nikiandika jina na paswedi kwa mkono kinazunguka weee mwisho kinasema imeshindikana. Nikajaribu hotspoti ya simu ya dada, kikaingia papo hapo!

Ruta ipo sebuleni, na chumba cha baba kinapakana na sebule, ukuta mmoja tu. Tatizo ni nini jamani?

kijana_wa_Goba

Pole sana dada, na mzee Mungu amponye.

Hiyo ni shida ya 5 GHz, asilimia kubwa ya kesi za hivi ni hiyo. Waifai inarushwa kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Vidude vingi vya namna hiyo vinasikia 2.4 GHz peke yake, na ruta za siku hizi zinarusha zote mbili kwa jina moja afu yenyewe ndo inaamua simu yako ikae wapi. Simu yako ikiwa kwenye 5 unaona kila kitu kipo sawa kumbe kidude hakina habari. Ingia kwenye setingi za ruta, anwani ya kuingilia na paswedi yake huwa kwenye stika chini ya ruta, tafuta sehemu ya waifai, tenganisha majina, ile ya 2.4 ipe jina lake na ya 5 jina lake. Afu simu yako iweke kwenye ya 2.4 ndo uanze kuunganisha.

Na wakati wa kuunganisha zima data ya simu. Hili watu wengi hawaambiwi, kwenye vidude vingine simu inatakiwa ijiunge kwanza na waifai inayorushwa na kidude chenyewe, na waifai hiyo haina intaneti, sasa simu ikiona hakuna intaneti inakimbilia data na mawasiliano yanakatika katikati. Kama una VPN zima, na kwa Android washa lokesheni maana bila hiyo programu haiwezi kutafuta waifai zilizo karibu.

BabaAngel

Toa paswedi kabisa kwenye ruta acha wazi, kidude kitaingia chenyewe, mi nilifanya hivyo kwa kamera ya getini.

Mtu_wa_Mitambo

Kaka BabaAngel hapo hapana, kwa heshima zote. Waifai isiyo na paswedi ni kumkaribisha kila anayepita nje aingie kwenye mtandao mmoja na simu zenu na hiyo kamera yako ya getini. Tafadhali rudisha paswedi leo leo. Na kwa dada haitasaidia kitu, kwa sababu kidude chake hakijafika hatua ya kuulizwa paswedi, jina lenyewe hakilioni.

Dada, kabla hatujaendelea tujibu haya: 2.4 imewashwa kwenye ruta? Usalama, yaani aina ya ulinzi wa paswedi ya waifai, umewekwa WPA2 au WPA3? Na jina la waifai limefichwa au linaonekana?

Binti Segerea

Asanteni sana. Nimeingia kwenye ruta kama kaka wa Goba alivyoelekeza. 2.4 imewashwa na sasa ina jina lake, simu yangu nimeihamishia huko na intaneti inapiga kazi. Usalama ni WPA2. Jina halijafichwa. Data nimezima, lokesheni ipo, VPN sina.

Kidude bado hakilioni jina letu. Kinaona la jirani wa kushoto, la duka la mbele, hata la yule wa ghorofani ambaye yuko mbali kuliko ruta yetu. La kwetu hapana.

kijana_wa_Goba

Duh. Basi kidude kimekufa antena hicho, rudisha kwa kaka.

Mtu_wa_Mitambo

Antena haijafa, ingekufa kisingeona waifai ya ghorofani. Tusome tena alichoandika dada, majibu yapo mle.

Hotspoti kimeingia, kwa hiyo redio yake nzima. Za majirani kinaona, za kwenu hakioni, na simu inaiona vizuri tu. Zamani kilikuwa kinaingia kwenye ruta hii hii. Kilichobadilika ni umeme kukatika na kurudi. Na kimetoka Marekani.

Nadhani ni CHANELI. Nieleze taratibu kwa sababu hili linasumbua watu wengi wanaoletewa vitu na ndugu zao na linaishia mtu kutupa kitu kizima.

Waifai ya 2.4 imegawanywa kwenye chaneli, ya 1 iko chini kabisa ya masafa, ya 11 iko juu, na juu yake zipo 12 na 13. Marekani vifaa vya nyumbani vinaishia 11, kwa hiyo kitu kilichotengenezwa kuuzwa kule mara nyingi hakisikilizi kabisa 12 na 13, siyo kwamba kinazikataa, hakifiki huko. Ulaya na huku kwetu ruta zinaenda mpaka 13, na simu zinazouzwa huku zinasikia mpaka 13. Sasa ruta nyingi zimewekwa chaneli otomatiki, maana yake kila ikiwaka inasikiliza mtaa mzima afu inachagua penye utulivu. Segerea kwa jinsi nyumba zilivyobanana majirani wote wamejazana kwenye 1, 6 na 11. Umeme uliporudi ruta yako ikasikiliza, ikaona huku juu kumetulia, ikahamia. Simu ikafuata, tivii ikafuata, kidude cha Marekani kikabaki.

Hakikisha kwanza usiniamini tu. Chukua simu ya Android, pakua programu yoyote ya bure ya kupima waifai, zipo nyingi, inakuonyesha kila waifai iliyo karibu na namba ya chaneli yake. Tuambie ya kwenu iko ngapi.

Binti Segerea

13!!! Iko 13 peke yake. Nimeiona na dada, majirani wamerundikana hadi michoro inapandiana, chaneli ya 6 wengi sana, ya 11 wengi, ya 1 wawili tu tena dhaifu, na sisi tupo pembeni huko wenyewe.

Niweke ngapi sasa?

Mtu_wa_Mitambo

Weka 1 basi, si ndiko kuna watu wachache. Ingia kwenye ruta, sehemu ya waifai ya 2.4, palipoandikwa chaneli otomatiki badilisha kuwa 1, hifadhi. Upana wa chaneli weka MHz 20, usiweke 40, kwenye mtaa uliobanana 40 inakuingiza kwenye kelele za majirani na vidude vidogo havihitaji spidi yoyote, kinatuma namba ya joto tu.

Ukiwa mle mle ubadilishe na paswedi ya kuingilia setingi za ruta, ile ya kwenye stika. Iandike kwenye daftari.

Binti Segerea

KIMEINGIA. Wallahi kimeingia! Nimebadilisha chaneli, ruta ikakaa kidogo, nikafungua programu, jina letu likaja la kwanza kwenye orodha, nikaweka paswedi, taa ikatulia. Sasa hivi naona chumba cha baba kina nyuzi 29 na nimewasha AC nikiwa jikoni. Mtu wa Mitambo Mungu akuweke, na kaka wa Goba pia maana bila kunionyesha njia ya kuingia kwenye ruta nisingefika popote.

fundi_baridi

Mwanangu hongera kwa kupata ufumbuzi, na mfikishie baba salamu zangu. Mimi ni fundi AC na mafriji, niongeze upande wa AC kwa sababu hapo kuna mgonjwa na watu hulisahau.

Kwanza hicho kidude kinatuma miale kama rimoti, lazima kiione AC uso kwa uso. Ukikificha nyuma ya picha ya familia au pazia likakaa mbele, programu itakuambia AC imewaka na wala haijawaka, kwa sababu AC ya kawaida haijibu, inapokea tu. Kwa hiyo ukiwa Posta usiamini neno "imewaka", angalia kama nyuzi zinashuka baada ya muda. Zisiposhuka mpigie dada aende chumbani.

Pili usikiweke kwenye njia ya upepo wa AC. Kitapulizwa, kitasoma 23 wakati alipolala mzee ni 28, kitazima mapema. Wala dirishani jua linapopiga. Kiweke usawa wa kitanda, upande wa mzee, maana joto unalotaka kulijua ni la pale alipo yeye.

Tatu, usiweke kuwasha na kuzima karibu karibu. Ukisema iwashe 27 izime 26 na nusu, kompresa itakuwa inawaka na kuzima mchana kutwa. Acha nafasi, iwashe 27 izime 25, na kama programu ina sehemu ya kuweka muda wa kupumzika usipungue dakika tatu, ili gesi itulie kabla kompresa haijawaka tena. Na mtu asije akakushauri ununue soketi ya waifai uwe unaikatia AC umeme kabisa, hapana, AC izimwe kwa rimoti yake ili ijifunge kwa utaratibu.

Upepo usimpige mzee moja kwa moja, mabawa yaelekeze juu darini. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza akipigwa na baridi upande mmoja usiku kucha anaamka viungo vimekakamaa. Tena joto letu la pwani nusu yake ni unyevu, siku ambazo si kali sana weka ile alama ya tone la maji, inakausha hewa, mzee atapumua vizuri na umeme utatumika kidogo.

Rimoti ya kawaida ibaki ukutani siku zote, na betri zake nzima.

Binti Segerea

Shikamoo fundi. Asante sana, nilikuwa nimekiweka juu ya kabati chini ya AC, nakihamisha sasa hivi kwenye meza ya dawa karibu na kitanda. Mabawa nimeshayapandisha, baba amenipungia mkono wa kushoto.

Swali fundi au yeyote, intaneti ikikatika nikiwa kazini kidude kitaendelea kuwasha na kuzima chenyewe au na chenyewe kinalala?

fundi_baridi

Marahaba mwanangu. Hilo la intaneti nawaachia vijana.

Mtu_wa_Mitambo

Inategemea kidude, vingine vinatunza amri ndani yake, vingine amri zote ziko kwenye seva huko nje na kidude kinasubiri kuambiwa. Kwenye boksi hawaandiki kwa uwazi, kipime mwenyewe ukiwa nyumbani. AC ikiwa imezimwa, chomoa waya wa intaneti nyuma ya ruta, ruta yenyewe iache inawaka. Afu kishike kidude kwenye viganja vyako vizuri, kipulizie pumzi, namba ya joto itapanda. Ikipita 27, kirudishe mezani fasta kiwe kinaiona AC, uone kama itawaka. Ikiwaka una amani. Isipowaka ujue bila intaneti hamna kitu na dada aambiwe.

Kigamboni_kwetu

Naomba niingilie hapo hapo, na mimi shemeji yangu kaniletea themostati kutoka Marekani ila ya kufunga ukutani, nyuma ina matundu ya nyaya nyingi yana herufi R, C, W, Y, G. AC yangu ni ya ukutani kama ya dada. Fundi umeme wa mtaani anasema anaweza kunifungia, ni sawa?

fundi_baridi

USIFUNGE ndugu yangu, mwambie aache kabisa. Hizo ni za mifumo ya Marekani ya kupoza nyumba nzima kwa mabomba ya hewa, nyaya zake zinabeba volti 24 tu kutoka kwenye transfoma ndogo. Hapa kwetu ukutani ni volti 230, akiunganisha huko inaungua palepale na inaweza kuwasha moto. Na hata bila hivyo AC yako haina pa kupachika hizo nyaya, inasikiliza rimoti na bodi yake ya ndani. Ya dada Segerea ni aina nyingine, inatumia miale. Ya kwako mrudishie shemeji abadilishe.

Na wote mnaoletewa vitu kutoka kule, someni maandishi madogo kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 100-240V haina shida, tafuta tu plagi ya kubadilishia. Ikiandikwa 120V peke yake usichomeke.

Binti Segerea

Mrejesho wakuu. Adapta yetu imeandikwa 100-240V, nimeisoma kwa tochi ya simu.

Nimepima kama Mtu wa Mitambo alivyosema, bila intaneti joto limepanda hadi 30 kwenye skrini na AC haikuwaka, nikarudisha waya haikupita muda ikawaka. Kwa hiyo chetu kinategemea seva. Nimekaa na dada nimemwonyesha, programu nimeiweka na kwenye simu yake, na tumekubaliana akiona taa ya kidude inablinki achukue rimoti ya ukutani, asinisubiri mimi.

Pia nimezima meni suichi makusudi nikasubiri kidogo nikawasha, ruta imerudi kwenye chaneli 1 na kidude kikajiunga chenyewe. Ila kilichelewa, ruta inawaka taratibu, kidude kinawaka haraka, kikatafuta kikakosa, kikatulia, mpaka nilipokaribia kukata tamaa ndo kikaingia. Kuna namna ya kupunguza hapo?

Mtu_wa_Mitambo

Safi sana. Kuchelewa huko ni kawaida, kidude kinajaribu tena kila baada ya muda, kiache tu.

Kama unaweza, nunua ile UPS ndogo ya ruta, Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta zipo, ni kiboksi chenye betri kinakaa kati ya adapta na ruta. Usinunue kwa macho, geuza ruta usome inataka volti ngapi na ampea ngapi, nyingi ni volti 12, na UPS itoe volti zile zile na ampea zisiwe pungufu. Pima na kichwa cha waya kama kinaingia. Na kama intaneti yenu ni ya faiba kuna kiboksi kingine kidogo ukutani ambako waya wa faiba unaingia, hicho nacho kinataka umeme, ukikisahau ruta itabaki inawaka bila intaneti. Chukua UPS yenye matundu mawili ya kutoa.

Chaneli nayo uiangalie tena kwa ile programu kama siku za mbele mtandao utaanza kusuasua, majirani wakihamia 1 unaenda 6 au 11. Juu ya 11 usiguse. Na mafundi wa intaneti wakija kubadilisha ruta waambie mapema wasiiache otomatiki.